TUSIUZIWE HEWA NDANI YA GUNIA

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kuna bidhaa inayojitembeza kila mahali, nayo haionekani kwa macho, haishikiki kwa mkono, wala haipimwi kwenye mizani ya sokoni. Bidhaa hiyo ni hewa. Naam, hewa! Mashirika ya ndege huwauliza abiria kama wangependa kuongeza pesa kidogo ili moshi wa safari yao ufidiwe. Wenye viwanda nao hutangaza ati bidhaa zao hazidhuru hali ya anga hata chembe. Na humu shuleni mwetu, baadhi yetu wamependekeza tuchange pesa tufidie moshi wa basi letu tunapoenda kwenye mashindano. Wazo si baya. Lakini mimi nasema, tusitoe hata ndururu kabla ya kujua tunanunua nini.

Kwani hati ya kaboni ni kitu gani? Tunapochoma dizeli, petroli, makaa au kuni, tunatoa hewa ya kaboni. Hewa hii hulifunika anga kama blanketi, joto la dunia likakosa pa kutokea. Kwa kuwa anga ni moja na haina mipaka, tani moja iliyozuiwa Kwale inalingana na tani moja iliyotolewa Nairobi. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa. Anayetoa moshi humlipa mwingine apande miti, alinde msitu au apunguze moshi wake. Kila tani moja inayozuiwa au kufyonzwa huandikiwa hati moja. Hati ikishatumiwa yapasa kufutwa kwenye daftari ili isiuzwe mara ya pili.

Hebu tupige hesabu ya basi letu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Basi likila lita moja kwa kila kilomita 4, litamaliza lita 120 kwenda na nyingine 120 kurudi. Zidisha 240 kwa 2.7, utapata kilo 648. Kumbe safari nzima haifiki hata tani moja! Hati moja ingetosha, tena na baki.

Mbona basi nasema tuwe macho? Ni kwa sababu mwamba ngoma huvutia kwake. Aghalabu mwenye kuuza hati ndiye anayepiga hesabu, na anahesabu jambo ambalo halikutokea: miti ambayo haikukatwa na kuni ambazo hazikuchomwa. Mnamo Januari 2023, gazeti la The Guardian la Uingereza na wenzake walichapisha uchunguzi uliodai kuwa zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua zilizoidhinishwa na shirika la Verra hazikuwa na upunguzaji wa kweli nyuma yake. Verra walizipinga hesabu hizo. Mwaka wa 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley walichunguza miradi ya majiko yanayookoa kuni. Walipata kwamba, kwa wastani, hati zilizotolewa zilikuwa karibu mara 9 ya zile zilizostahili. Jiko lenyewe ni zuri, sikatai. Kasoro imo katika kuhesabu kuni.

Wala haya si mambo ya ng'ambo tu. Kaskazini mwa nchi yetu kuna mradi mkubwa ambao umeuza hati za kaboni inayohifadhiwa udongoni kwa kupanga malisho ya mifugo. Mnamo Januari 2025, mahakama ya Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili za huko, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, zilianzishwa kinyume cha katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa hivyo, kabla ya kununua, tuulize maswali matano. Kwanza, je, jambo hili lingefanyika hata bila pesa zetu? Kama msitu haukuwa na hatari yoyote ya kukatwa, tumelipia nini? Pili, litadumu? Mti hukua kwa miaka mingi, lakini kijiti kimoja cha kiberiti humaliza kazi yote kwa siku moja. Tatu, uharibifu haujahamia kwa jirani? Ukikataza shoka huku, huenda shoka hilo limevuka mto tu. Nne, nani mwingine asiye muuzaji aliyekagua hesabu, na tutaonyeshwa wapi kwamba hati yetu imefutwa? Tano, wenye ardhi walikubali, na wanapata nini? Sheria yetu ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka wa 2023, inataka miradi ya ardhi iipe jamii mchango usiopungua asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia.

Je, yuko anayeweza kuyajibu maswali haya? Yuko. Huko Gazi, katika Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati tangu mwaka wa 2013 chini ya kanuni za Plan Vivo. Unalinda hekta 117 za mikoko na huuza takriban tani 3,000 kwa mwaka. Si nyingi, lakini zinaeleweka. Mikoko ilikuwa ikikatwa kwa ajili ya kuni na nguzo, kwa hivyo hatari ilikuwepo. Wanakijiji walipanda mivinje ili watu wapate mbao kwingine, shoka lisihamie ghuba nyingine. Pesa huamuliwa na wanajamii wa Gazi na Makongeni wenyewe, nazo zimeleta maji na kusaidia shule. Sisemi hao ni malaika. Nasema wanaulizika.

Najua mtu atanipinga: "Wewe unatukatisha tamaa bure. Kidogo si bora kuliko kukosa?" La hasha! Hati ya uongo ni mbaya kuliko kukosa hati, maana moshi wetu ni wa kweli na fidia ni ya ndoto, nasi tunalala usingizi tukidhani deni limelipwa. Hata hati nzuri si ruhusa ya kuchafua. Tupunguze kwanza: tujaze basi moja badala ya kwenda na mawili nusu tupu, na jikoni kuni zikaushwe vizuri zisile pesa na kutoa moshi bure. Kitakachobaki ndicho tukifidie.

Tena liko jambo zito zaidi. Sisi Wakenya si wanunuzi tu, ni wauzaji. Wengi wetu tunatoka vijijini ambako mawakala wa hewa watafika, kama hawajafika. Nyanya ataletewa mkataba wa miaka 30 ulioandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, aambiwe atie kidole hapa. Nani atamsomea kama si wewe? Maswali matano ya mnunuzi yanamfaa muuzaji vilevile, hasa lile la tano.

Pendekezo langu ni hili. Tukitaka kununua hati, majibu ya maswali yote matano yabandikwe kwenye ubao wa matangazo kabla ya mchango kuanza, na jibu likikosekana tusinunue. Pili, Chama chetu cha Kiswahili kiyaandike maswali hayo kwa Kiswahili chepesi, na kila mwanachama ayapeleke nyumbani likizo hii, ayafasiri kwa lugha ya mama. Asomaye mkataba baada ya kutia kidole ajue kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume.