Kupimwa afya kwa ajili ya makaratasi: kinga ya umma au ushuru wa mlangoni?

Kati ya vikwazo vyote vinavyomkabili mtu wetu anayetafuta makazi ya kudumu ughaibuni, kimoja huzungumzwa kidogo sana barazani, nacho ni kupimwa afya. Watu husimuliana habari za mahojiano, za alama za vidole na za mawakili waliokula fedha wakatokomea. Lakini habari ya daktari kila mtu huimeza peke yake, kwani ndani yake mna damu, mna mkojo, mna maswali ya faragha, na mwisho kuna bili ambayo bima nyingi hazitaki kuiona. Matokeo ya ukimya huo ni kwamba watu wetu wanatozwa wasichodaiwa, wanaogopa wasichopaswa kukiogopa, na wanakipuuza kile ambacho kingewanusuru.

Tumeona ni vyema tulizungumze suala hili hadharani, hasa kwa upande wa Marekani, ambako kanuni zake zilibadilishwa mara nne katika muda usiotimia miezi kumi na mitano, kati ya Aprili 2024 na Juni 2025.

Tuanze na historia, maana jambo hili si geni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1891 ndiyo iliyowafungia mlango wenye magonjwa ya kuambukiza yaliyohesabiwa kuwa ya hatari au ya kuchukiza. Mwaka uliofuata, 1892, kikafunguliwa kituo cha Ellis Island katika bandari ya New York. Pale madaktari waliwatazama wahamiaji wakipanda ngazi, na aliyetiliwa shaka aliandikwa herufi kwa chaki kwenye nguo yake: H kwa moyo, E kwa macho, L kwa kuchechemea. Wenye trakoma walirudishwa walikotoka, na kampuni ya meli iliyowaleta ndiyo iliyobeba gharama za kuwarudisha.

Msomaji azingatie jambo moja katika historia hiyo. Madaktari wale walikuwa watumishi wa serikali. Serikali ilisema inawalinda wananchi wake, na serikali hiyo hiyo ikawaajiri wapimaji. Leo hali imegeuka. Mwombaji aliyeko ndani ya Marekani hupimwa na daktari binafsi aliyeidhinishwa na USCIS, yaani Idara ya Uraia na Uhamiaji, naye hujaza fomu namba I-693. Idara inamteua daktari huyo, lakini haipangi bei yake. Kliniki moja inatoza hivi na ya mtaa wa pili inatoza vile, kwa fomu ile ile na kwa vipimo vile vile. Familia ya watu saba huweza kujikuta inadaiwa fedha zinazotosha kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Je, kinachopimwa ni nini hasa? Kwa ufupi ni kifua kikuu, kaswende, kisonono na ukoma, kisha hali ya akili inayoweza kumdhuru mtu mwenyewe au wengine, matumizi ya dawa za kulevya, na mwisho ni chanjo. Virusi vya UKIMWI havimo tena katika orodha. Zuio hilo liliwekwa mwaka 1987, na liliondolewa rasmi tarehe 4 Januari 2010. Tunalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu hadi leo bado wapo wenzetu wanaokwepa kuomba makazi wakidhani watapimwa virusi na kurudishwa kwao. Wamekaa gizani miaka mingi kwa hofu ya sheria ambayo imekwisha kufa.

Hofu ya pili ni ya kifua kikuu. Karibu sote tuliozaliwa Afrika Mashariki na Kati tulichanjwa BCG tukiwa wachanga, na kovu lake liko mkononi. Zamani kipimo cha ngozi kilikuwa kikivimba kwa sababu ya chanjo hiyo, mtu akaonekana ana vimelea hali hana. Tangu Oktoba 2018 madaktari hao wanatakiwa kutumia kipimo cha damu kwa wenye umri wa miaka miwili na kuendelea, na kipimo hicho hakidanganywi na BCG. Kikionyesha kuwa una vimelea, unapigwa picha ya kifua. Picha ikiwa safi, maana yake vimelea vimelala mwilini, na hali hiyo haimnyimi mtu kadi ya kijani. Kinachozuia ni ugonjwa ulio hai, nao unatibika, na akishatibiwa mwombaji anaendelea na safari yake.

Hatari ya kweli, hasa kwa vijana wetu, iko kwingine kabisa. Majimbo mengi ya Marekani yameruhusu bangi, na kijana anaona duka lake liko wazi barabarani kama duka la mkate. Anapoulizwa na daktari, anajibu kwa ujasiri kwamba anaivuta, tena kihalali. Hajui kwamba uhamiaji ni mambo ya sheria za taifa, si za jimbo, na kwa sheria za taifa bangi bado ni dawa ya kulevya iliyodhibitiwa. Jibu hilo laweza kumtia katika Kundi A, kundi la wasioruhusiwa kuingia, na asitoke humo hadi ithibitike kwamba ameacha kwa miezi kumi na miwili. Hatumfundishi mtu kumdanganya daktari, maana uongo katika makaratasi ya uhamiaji ni kosa lililo baya zaidi. Tunachosema ni kwamba wazazi wawaambie watoto wao mapema: anayesubiri makaratasi asiiguse kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi. Wasemaji wa Kiswahili waliofika Marekani kwa wingi katika miaka ya karibuni ni wakimbizi, Wakongo kwanza, pamoja na Warundi na wengineo, kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kakuma na nyinginezo. Hawa walikwisha kupimwa kabla ya kupanda ndege, mara nyingi na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, bila kulipa hata senti. Baada ya kukaa mwaka mmoja wanatakiwa kuomba kadi ya kijani. Kanuni inasema wazi kwamba mkimbizi ambaye hakukutwa na tatizo la Kundi A kule alikotoka hahitaji kupimwa upya. Anachotakiwa ni sehemu ya chanjo tu, na idara za afya za majimbo na wilaya zimepewa idhini ya jumla ya kuwajazia wakimbizi sehemu hiyo.

Je, ni wangapi wanaambiwa hivyo? Katika miji tuliyoishi tumewaona akina mama waliopimwa damu, mkojo na kifua na kutozwa bei kamili, kwa sababu tu waliingia kwenye kliniki ya kwanza iliyokuwa na tangazo mlangoni, na hapo hapakuwa na mtu wa kuwauliza kama ni wakimbizi. Kutojua kwa mama huyo ni faida kwa mwenye kliniki. Twatofautisha hapa mkimbizi aliyeletwa na serikali na mtu aliyepewa hifadhi baada ya kufika. Huyu wa pili, sawa na anayeomba kupitia ndoa au ndugu, anatakiwa kupimwa kila kitu.

Hata katika chanjo kuna haki ambazo watu hawazijui. Aliyepoteza kadi yake ya kliniki ya utotoni anaweza kupimwa damu kuonyesha kwamba ana kinga ya surua, rubela au tetekuwanga, badala ya kuchomwa upya. Chanjo zenye dozi nyingi si lazima zikamilike ndipo fomu isainiwe. Mtu huchomwa dozi inayofaa siku ile, na daktari huandika kwamba muda wa dozi inayofuata haujafika. Mjamzito hachomwi surua wala tetekuwanga, na hilo haliharibu ombi lake. Chanjo ya mafua huhitajika katika msimu wake tu, kuanzia Oktoba hadi Machi. Na ile ya UVIKO-19, iliyoanza kudaiwa Oktoba 2021, iliondolewa katika masharti mwezi Januari 2025.

Ama kuhusu mabadiliko ya kanuni, hapa ndipo penye utata. Aprili 2024 USCIS ilitangaza kwamba fomu iliyosainiwa na daktari tangu tarehe 1 Novemba 2023 haitakwisha muda wake. Watu wakashukuru. Desemba 2024 ikaagiza kwamba fomu iwasilishwe pamoja na ombi lenyewe, la sivyo ombi laweza kurudishwa. Kisha tarehe 11 Juni 2025 ikatengua ule uamuzi wa kwanza: fomu itakuwa hai kwa muda ambao ombi iliyoambatana nalo bado linashughulikiwa. Ombi likikataliwa au likiondolewa, fomu nayo imekufa, hata kama ina umri wa wiki tatu.

Kwa haki, hoja ya serikali ina uzito wake. Afya ya mtu hubadilika, na karatasi ya miaka miwili iliyopita haiwezi kumsemea mwili wake wa leo. Lakini kanuni hii haihesabu muda, inahesabu hatima ya ombi. Mtu ambaye ombi lake limekaa miaka mitatu kwenye foleni fomu yake bado ni nzuri, ilhali aliyekataliwa mwezi uliopita kwa sababu ya hati moja iliyokosekana lazima apimwe upya na alipe upya. Kama kusudi ni kinga ya umma, huyu wa kwanza ndiye angepaswa kurudi kwa daktari. Ndiyo maana tunasema kwamba kanuni hii inaelemea kwenye ushuru wa mlangoni kuliko kwenye tiba.

Uzito wake unaongezeka tukikumbuka yaliyotokea mwaka 2025. Mwezi Januari mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, na watu waliokwisha kupimwa, kuchanjwa na kupangiwa ndege walirudi kwenye mahema yao. Vipimo vya safari vina muda mfupi wa kuishi. Vikifa, kila kitu huanza upya. Novemba 2025 ikatoka amri nyingine, kwamba faili za wakimbizi walioingia kati ya Januari 2021 na Februari 2025 zipitiwe tena, na maombi yao ya kadi ya kijani yasimame kwanza. Mwezi huo huo balozi za Marekani ziliagizwa kuyapa uzito maradhi sugu, kama kisukari na maradhi ya moyo, wakati wa kukisia kama mwombaji atakuja kuwa mzigo kwa serikali. Hapo daktari haulizwi tena kama mgonjwa ataambukiza wengine, anaulizwa kama atagharimu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo siasa yenyewe.

Wasidhani walioko kwingine kwamba wamesalimika. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita kutoka Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo hutakiwa kuonyesha cheti cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cheti hicho huishi miezi sita tu. Wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba hali yao ni ngumu zaidi. Huko bado wanapimwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini, wanawake wanapimwa mimba, na neno moja la kwamba hafai hufunga mlango. Dada zetu wengi wamekopa fedha za wakala na za vipimo, kisha wakarudi nyumbani na deni tu, bila hata kuelezwa vizuri wamekutwa na nini wala waende wapi kutibiwa.

Liko na suala la lugha, nalo ni la heshima ya mtu. Mama wa makamo, asiyejua Kiingereza, anaulizwa kuhusu kaswende na kisonono, na mkalimani wake ni mwanawe wa kiume wa miaka kumi na mitano. Mtoto anainama, mama anatazama ukuta, na jibu linalotoka ni la kuondoa aibu, si la kweli. Tiba gani itapatikana hapo? Fomu ya I-693 ina sehemu ya mkalimani kutia saini. Basi jumuiya zetu, misikiti na makanisa yetu, zingekuwa na orodha ya watu wazima, wanawake kwa wanaume, walio tayari kuwasindikiza wenzao.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Aliyefika kama mkimbizi aulizie kwanza idara ya afya ya wilaya yake kabla ya kwenda kliniki binafsi, na asiseme "nataka kupimwa", aseme "nataka sehemu ya chanjo". Zile karatasi za chanjo zilizomo katika mfuko wa plastiki wa IOM zisitupwe, kwani zinaokoa sindano na fedha. Asiye mkimbizi aulize bei katika kliniki tatu au nne, aulize pia kama damu na chanjo zimo ndani ya bei. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane na hati nyingine, hasa kwa wengi wetu tulioandikwa kambini kwamba tulizaliwa tarehe 1 Januari. Bahasha ikishafungwa na daktari isifunguliwe kamwe, lakini kabla haijafungwa kila mmoja adai nakala yake. Ombi likija kukataliwa, fomu itakuwa imekufa, bali ushahidi wa chanjo zilizokwisha kuchomwa haufi, na anayeushika mkononi hatachomwa mara ya pili.

Wenye nchi wana haki ya kujikinga na maradhi, na sisi tuna haki ya kutendewa kama watu. Serikali inayodai karatasi hii inaweza kupanga kikomo cha bei yake, kama inavyopanga ada ya maombi yake yenyewe. Hadi siku hiyo itakapofika, kinga yetu ni kuambizana. Aliyekwisha kupita amweleze anayekuja, tena amweleze yote, pamoja na yale ya aibu.