Skuta na Heshima ya Mwalimu Ugenini

Iko desturi mbaya miongoni mwa wasomi wetu ya kuupima utu wa mtu kwa chombo anachopanda. Mwalimu akipata nafasi ya kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha ng'ambo, watu wa kwao humwuliza mambo mawili kabla ya kumwuliza habari za wanafunzi wake: mshahara wake ni kiasi gani, na gari lake ni la namna gani. Akijibu kwamba hana gari, bali huenda kazini kwa skuta, nyuso hushuka. Huonekana kama aliyesafiri mbali ili akavuliwe cheo. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Lakini kwa kuwa kosa halikai upande mmoja, yanawapinga pia wale wapandao skuta ugenini kana kwamba ugeni ni ruhusa ya kuvunja sheria.

Natwaa mfano wa Napoli, katika Italia, kwa kuwa mji huo una uhusiano wa kweli na lugha yetu. Kiswahili hufundishwa huko katika chuo kikuu kiitwacho L'Orientale, ambacho asili yake ni shule iliyoanzishwa na padre Matteo Ripa mwaka 1732 kwa ajili ya vijana wa Kichina. Huko ndiko alikofundisha Elena Bertoncini Zúbková, mtaalamu wa fasihi yetu ambaye kitabu chake cha mwaka 1989 hakikosi kutajwa kila inapoandikwa historia ya fasihi hiyo. Mji wenyewe umebanwa baina ya bahari na vilima. Baadhi ya majengo ya chuo yamo katika mji mkongwe, ambamo njia ni nyembamba na zimetandikwa mawe meusi ya volkano. Mtaa wa Vomero uko juu kilimani, na watu huupanda kwa treni zinazovutwa kwa kamba za chuma, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1889. Katika mji wa namna hii gari kubwa ni mzigo kuliko fahari. Halina pa kupita, na likipita halina pa kusimama.

Anayeidharau skuta na aitazame asili yake. Kiwanda cha Piaggio kilichoko Pontedera kilikuwa kikitengeneza ndege, nacho kilipigwa mabomu katika vita vya pili vya dunia. Vita vilipokwisha, watu wa Italia walihitaji chombo rahisi cha kuwafikisha kazini, na kazi ya kukibuni alipewa Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege na helikopta ambaye hakuzipenda pikipiki kwa sababu zilimchafua mpandaji na zilikuwa taabu kupanda. Alificha injini chini ya kiti, akaweka gia katika usukani, akaacha nafasi wazi mbele ili mpandaji aketi bila kurusha mguu, tena akashikiza gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, kama magurudumu ya ndege, ili tairi libadilishwe upesi. Chombo hicho kilisajiliwa mwaka 1946 kwa jina la Vespa, maana yake nyigu. Je, kazi hii ya akili ni kitu cha aibu? Mtu wa Unguja hatauliza swali hilo. Huko neno vespa limekuwa Kiswahili, na mtu aliyevaa kanzu yake safi hupanda chombo hicho kwenda ofisini au msikitini, wala hakuna amwonaye kuwa amepungukiwa heshima.

Basi dharau imetoka wapi? Nathubutu kusema kwamba imetoka katika hofu ya kufananishwa na watu wa kazi ndogo. Msomi wetu akiona magurudumu mawili humfikiria dereva wa bodaboda, naye hataki kufananishwa na dereva wa bodaboda. Huu ni upungufu wa adabu uliovaa joho la adabu. Dereva huyo huwafikisha wagonjwa hospitali na watoto shuleni. Kama kufanana naye ni fedheha, fedheha hiyo ni ya anayeiona.

Tena iko faida ambayo mwalimu wa lugha hana haki ya kuipuuza. Mwalimu afundishaye lugha yake ugenini hawezi kuifundisha vema bila kuijua lugha ya wanafunzi wake, na lugha hiyo haikai maktabani peke yake. Mwenye skuta lazima aseme na fundi wa gereji, muuza petroli, askari wa barabarani na mzee aliyekalia kiti mlangoni mwake katika njia nyembamba. Atafundishwa kwamba chombo chake huitwa motorino, na kwamba watu wa Napoli wana lugha yao wenyewe mbali na Kiitalia cha vitabuni. Nimesikia walimu waliokaa ng'ambo miaka wakilalamika kwamba wenyeji ni wakavu. Wengi wao walikuwa na njia mbili tu, ya chumbani na ya darasani. Ukavu waliulizia mahali wasipopata kufika.

Sasa nawageukia wale wasemao kwamba skuta ni hatari. Hawa siwacheki, maana wanasema kweli. Mpanda skuta hana ukuta wa kumkinga. Mawe ya Napoli yakilowa huteleza kama sabuni. Mgeni atokaye Kenya, Tanzania au Uganda amezoea kushika kushoto, na Italia hushika kulia; hatari yake haiko kwenye msongamano, ambamo atafuata walio mbele yake, bali katika njia tupu alfajiri, mazoea ya zamani yanapomrudia bila kubisha hodi. Haya yote ni kweli. Lakini hatari huamuru tahadhari, haiamuru kujifungia. Asiyejiamini, au ambaye macho na viungo vyake vimedhoofika, na apande basi, wala asionewe haya. Anayeweza asizuiwe kwa hofu ya mwingine.

Wanaostahili lawama kali ni kundi la tatu. Hawa ni wageni, walimu miongoni mwao, ambao hununua skuta iliyotumika wiki ya kwanza, hawana leseni ya pikipiki kwao wala huko walikokwenda, na hutoka kichwa wazi. Wakiulizwa husema: mji mzima unafanya hivi. Wakionywa hujibu kwa methali: ajali haina kinga. Ni jambo la kusikitisha kuona hekima ya wazee ikigeuzwa pazia la uvivu. Methali hiyo humfariji aliyefikwa baada ya kujihadhari. Haikutungwa kumpa ruhusa asiyejihadhari. Wazee hao hao walisema tahadhari kabla ya hatari. Uchunguzi mwingi uliokusanywa na kupimwa pamoja mwaka 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Italia iliamuru helmeti kwa wapanda pikipiki wote mwaka 1986, na mwaka 2000 amri hiyo ikawafikia watu wazima wapandao vyombo vidogo. Mwenye shahada ya kusoma na kufundisha anawezaje kuzipuuza habari kama hizi, kisha akaingia darasani kuwahimiza vijana waheshimu ushahidi?

Leseni nayo ni jambo zito. Leseni ya gari ya kwetu haimpi mtu haki ya pikipiki. Hata aliye na leseni halali ya kigeni, akishakuwa mkazi wa Italia, huweza kuitumia kwa mwaka mmoja tu; baada ya hapo, ikiwa nchi yake haina mapatano ya kubadilishana leseni, hana budi kufanya mtihani kama mwanafunzi mpya. Mtihani wa nadharia una maswali 30, na akosaye zaidi ya matatu hushindwa. Bima imekuwa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1969. Asiye na leseni akimgonga mtu, kampuni ya bima humlipa aliyeumia, kisha huweza kumrudia mpandaji na kumdai fedha zote. Hapo mwalimu aliyekwenda kuchuma hurudi na deni, na jina la watu wake limeingia katika midomo ya wenyeji kwa ubaya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni katika mji wa watu ni sheria ya mji huo, naye hana haki ya kulikataa kwa kuwa baadhi ya wenyeji wamelitupa.

Lakini lawama isimwangukie mwalimu peke yake. Vyuo vinavyopeleka walimu na vyuo vinavyowapokea humwandikia mgeni barua ndefu juu ya ratiba, mitihani na viza. Juu ya namna atakavyofika darasani akiwa mzima aghalabu havisemi neno. Naona ni wajibu wao kumweleza mapema sheria ya leseni na bima, kumpa nafasi ya kujifunza Kiitalia cha mtihani huo katika mwaka wake wa kwanza, na kutomcheka akiuliza bei ya helmeti nzuri. Gharama ya hayo ni ndogo, na mwalimu mmoja aliyelala hospitali ni darasa zima lisilo na Kiswahili.

Kwa hivi nasema: mwacheni mwalimu apande skuta yake. Msimpime kwa ukubwa wa chombo, bali mwulizeni maswali matatu: leseni yako iko wapi, bima yako ni ya lini, na kichwa chako umekifunika kwa nini? Akiyajibu yote vizuri, heshima yake imetimia, hata kama tairi lake ni dogo kuliko sinia.