Afrika Kusini: Risasi za kujazwa nyumbani zaiweka sheria njia panda

Mwezi Mei 2021 serikali ya Afrika Kusini ilichapisha rasimu ya marekebisho ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto ya mwaka 2000. Macho ya wengi yalielekea kwenye pendekezo la kufuta kujilinda kama sababu ya kupewa leseni ya bunduki. Pendekezo jingine lilizungumzwa kidogo, nalo ni kuwapiga marufuku raia kujijazia risasi. Mjadala uliozuka unazihusu pia nchi jirani.

Kujaza risasi si kazi ya kificho nchini humo. Mwindaji au mlenga shabaha mwenye leseni huokota maganda ya shaba aliyokwisha kuyatumia, akayasafisha, kisha akayatia fataki mpya, baruti iliyopimwa kwa mizani na kichwa kipya cha risasi. Wengi huanza kwa kutafuta nafuu ya bei. Wanaoendelea hutafuta ulinganifu. Risasi ya kiwandani hutengenezwa iifae kila bunduki ya aina yake, ilhali anayejijazia huilinganisha na bunduki moja tu, iliyo yake. Katika umbali wa mita 500, risasi mbili zikitofautiana mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, ile ya polepole hupiga sentimita kadhaa chini ya mwenziwe. Porini, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo mnyama atakufa papo hapo au atakimbia na jeraha.

Hata hivyo, hoja ya wanaotaka udhibiti haipuuziki. Alama iliyogongwa kwenye kitako cha ganda hutaja kiwanda kilicholitengeneza. Haimtaji aliyelijaza mara ya mwisho. Sheria nayo humruhusu mwenye leseni ya kawaida kuweka risasi 200 kwa kila bunduki, lakini fataki 2,400. Mtu huyo aweza kufyatua na kujaza tena mara nyingi, wala pasiwe na risiti ya duka inayoonyesha idadi ya risasi zilizopita mikononi mwake.

Lakini marufuku peke yake haizibi mwanya ulio mpana zaidi. Mwaka 2016 kanali wa zamani wa polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 18 kwa kuuza bunduki zilizokuwa mikononi mwa polisi zikisubiri kuharibiwa, ambazo ziliwafikia magenge ya Cape Town. Kikulacho ki nguoni mwako. Ghala la serikali lisilokaguliwa laweza kuwapa wahalifu silaha nyingi kuliko meza ya mwindaji.

Njia ya kati ipo ndani ya sheria yenyewe, ambayo tayari huihesabu fataki kuwa risasi. Ganda huokotwa na kutumika tena, bali fataki ni vigumu mno kuitengeneza nyumbani. Haina budi kununuliwa. Daftari makini la mauzo ya fataki lingewaachia walenga shabaha usahihi wao, na kuwapa polisi hesabu wanayoikosa.

Suala hili haliishii Pretoria. Itifaki ya SADC kuhusu silaha za moto na risasi, iliyotiwa saini Blantyre mwaka 2001, inazihusu pia Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Risasi isiyo na kumbukumbu haiulizwi pasipoti mpakani.