Ndago si Mbolea

Ndugu mkulima wa Mjambere, ukipanda mtama wa kulisha ng'ombe nao ukaota kwa mapengo, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia mbegu. Tazama ndago kwanza. Wengi huzilima na kuzifukia papo hapo, wakisema ni mbolea. Mimi sikubali. Ndago hazinyang'anyi maji na chakula tu. Mizizi na viazi vyake vidogo, hata vikioza, hutoa sumu ardhini, nayo huzuia mbegu kuchipua na kudumaza miche.

Huamini? Ponda ndago, ziloweke usiku kucha, kisha uoteshe mbegu kumi kumi katika sahani mbili, moja kwa maji hayo, ya pili kwa maji matupu. Uhesabu mwenyewe. Ng'ombe hali ubishi.

Basi chimbua ndago pamoja na viazi vyake, uvitoe shambani, uvianike juani hata vikauke kabisa, ndipo upande.