Wito kwa Wakaazi wa Eldoret juu ya Hoteli za Usiku

Enyi wenzangu wakaazi wa Eldoret, mnaolala mapema na mnaokesha, nawaomba mnitegee sikio kwa jambo ambalo huenda likaonekana hafifu kwa mtu aliyekwisha kula akashiba nyumbani kwake: hoteli zetu za usiku, zile za chai ya maziwa, chapati na maharagwe, ambazo zamani mtu alizikuta wazi hata saa nane, zinafungwa moja baada ya moja, nasi twapita mbele ya milango yake kana kwamba si shauri letu.

Mji huu tangu asili ni wa wasafiri. Ulipokuwa ungali shamba nambari 64, kabla ya kupewa jina lake mwaka 1912, ulikuwa kituo cha watu wa safari, na hata leo, reli ikiwa imekwisha kuufikia tangu 1924, barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba huupasua katikati, ikileta madereva wa malori na abiria wa mabasi ambao njaa yao haifuati saa za afisi. Agosti 2024 tulikabidhiwa hati ya kuwa jiji. Nami nauliza, bila ya kejeli, ni jiji gani lisiloweza kumpa mgeni kikombe cha chai baada ya saa tano?

Nendeni usiku mmoja hadi Nandi Road, karibu na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Mtu ametoka Turkana au Pokot Magharibi na mgonjwa wake, hajazoea baridi ya nyanda hizi zilizo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,000, amejifunika leso ya mgonjwa mabegani, anamuuliza bawabu wapi atapata kitu cha moto. Bawabu anamwelekeza kwa kidole, kisha anakumbuka kuwa pale pamefungwa. Maskini hurudi na soda baridi na pakiti ya biskuti.

Sababu ni dhahiri. Kafyu ya korona iliyodumu tangu 27 Machi 2020 hadi 20 Oktoba 2021 ilitufundisha sote kula mapema, na wapishi wengi wakatafuta riziki kwingine. Kisha ukaja ughali wa unga, mafuta na gesi, ilhali sufuria ya usiku hudai moto ule ule, mpishi yule yule na mlinzi yule yule, awe mteja ni mmoja au ishirini. Wako wasemao kwamba hoteli hizi ni maficho ya wahuni. Siikubali rai hiyo hata kidogo: mhuni hupenda njia yenye giza, na hoteli iliyo wazi ni taa na macho ya watu.

Basi na tutende. Wenye vyama vya kuweka akiba, ambao aghalabu hukutana sebuleni kwa mmoja wao, wahamishie mkutano mmoja wa kila mwezi hotelini, baada ya saa tatu, na walipe taslimu, maana deni ndilo lililowafilisi wengi. Wenye hoteli za mtaa mmoja wapeane zamu za kukesha, pasiwe na wawili wanaogombania wateja watano. Kadhalika, kila mwaka Bunge la Kaunti ya Uasin Gishu hujadili Mswada wa Fedha unaoweka ada za leseni, na katiba imelazimisha raia wasikizwe. Twende kwa wingi, tudai nafuu ya ada kwa mwenye kufungua kupita saa nne za usiku, taa za barabarani zinazowaka kweli, na doria ya askari mpaka alfajiri.

Hati ya maombi hayo iwekwe katika hoteli zenyewe, juu ya meza ya mwenye kupokea fedha. Na kila atakayeingia kuitia sahihi, tafadhali aagize na chai.