Je, Mashine ya Kurudia Sauti Ni Uvivu?

Katika mdahalo wa muhula huu wenzangu kadhaa walisema kwamba chama chetu cha muziki kisiruhusiwe kutumia mashine ya kurudia sauti usiku wa tamasha, kwa kuwa mpigaji hupiga mara moja tu, kisha mashine humfanyia kazi. Walipigiwa makofi mengi. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1963 Mmarekani Terry Riley alikuwa Paris akitengeneza muziki wa mchezo wa kuigiza uitwao The Gift. Chet Baker, mpiga tarumbeta hodari wa jazi, alipiga pamoja na wenzake, na Riley akawanasa katika ukanda. Fundi wa redio akaweka vinasa sauti viwili, ukanda mmoja ukipita katika vyote: cha kwanza kikinasa, cha pili kikitoa sauti ile na kuirudisha kwa cha kwanza inaswe tena. Hivyo sauti moja ya tarumbeta ilirejea baada ya kitambo, ikalimbikizana na nyingine, hata mtu mmoja akawa kama kundi zima.

Baadaye Riley alifanya hivyo mwenyewe mbele ya watu. Novemba 1967, katika chuo cha sanaa cha Philadelphia, alipiga usiku kucha kwa kinanda na saksafoni, akibuni papo hapo. Watu walikuja na jamaa zao, wengine na mifuko ya kulalia. Alipotaka kupumzika, ukanda uliendelea. Najua wapinzani wangu watarukia hapo: "Mwaona, alipumzika!" Lakini ni nani asiyepumzika katika ngoma ya usiku kucha?

Tena fikirini hatari yake. Mpiga jazi wa kawaida akikosea, kosa hupita na upepo. Hapa halipiti. Litarudi baada ya sekunde chache, na tena, na tena, watu wote wakilisikia, naye hana budi kutafuta upesi sauti nyingine ya kulipatia kosa lile mahali pake. Huo ni uvivu wa namna gani?

Na hao waliopiga makofi hushangilia amadinda ya Buganda vilevile! Wapigaji wawili huketi wakitazamana penye mbao 12, kila mmoja akirudia mfululizo wake mfupi, noti zake zikiingia kati ya noti za mwenzake; wa tatu hupiga mbao mbili za sauti ya juu. Masikio huanza kusikia tuni ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake. Sijasikia mtu akisema kwamba wanatudanganya kwa kuwa wanarudia.

Neno moja nawakubalia wapinzani. Mtu ajaye na sauti alizonasa tangu juzi, akabonyeza kitufe na kutikisa kichwa, huyo anatuchezea. Basi kamati iweke sharti: mashine iwe tupu mwanzoni, na kila sauti inaswe mbele ya macho yetu. Mpiga saksafoni wetu amekwisha kulikubali sharti hilo, ingawa linamtia hofu.

Kamati itakutana Ijumaa. Barua yetu ya maombi iko kwangu, na wenye kutaka kutia sahihi waje kabla ya kengele ya sala ya jioni.