Ubanaji wa Video na Lugha ya Alama

Mbinu za kubana picha za video zimejengwa juu ya dhana kwamba si kila kinachoonekana kina thamani sawa. Sehemu isiyobadilika kati ya fremu moja na nyingine hairudiwi; mwendo hukadiriwa; na undani ambao jicho hauuhisi hutupwa. Kwa mtazamaji wa mpira hasara hiyo ni ndogo. Kwa kiziwi anayezungumza kwa lugha ya alama, yaweza kuwa neno zima: umbo la vidole hubainisha maana, na nyusi zikiinuliwa, katika lugha nyingi za alama, kauli hugeuka swali. Nao mtandao unapokuwa dhaifu, vidole viendavyo kasi hufifia mapema.

Kiwango cha MPEG-4 cha mwaka 1999 kiliwezesha vitu vilivyomo katika picha vitenganishwe, kila kimoja kibanwe kwa kadiri yake. Hivyo mikono na uso vyaweza kupewa biti nyingi kuliko ukuta ulio nyuma. Lakini nani ataieleza kompyuta kipi ni lugha na kipi ni mandhari? Wahandisi peke yao hawawezi. Wanaisimu hawana budi kushirikiana nao, pamoja na viziwi wenyewe, ambao ndio wenye lugha.